Munkoyo, Kengele na Kahawa: Historia ya Kupumzika Pamoja Kazini

Mto Lomami unaanzia katika nyanda za juu za mkoa wetu, na ndio uliotupa jina la Haut-Lomami. Ukitelemka nao kuelekea kaskazini unaingia katika misitu mikubwa. Katika misitu hiyo ya Kongo, mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Émile Laurent, alikuta mibuni inayoota yenyewe porini. Mimea hiyo ilipelekwa Brussels, ikakuzwa na kampuni ya Linden, ikatangazwa sokoni kwa jina la robusta. Kufikia mwaka 1901 ilikuwa imeshafika Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba ya kahawa. Kutoka Java ikaenea sehemu nyingi za Asia. Leo robusta ni karibu asilimia 40 ya kahawa yote inayovunwa duniani, nayo ndiyo inayotumika zaidi kutengeneza kahawa ya unga, ile inayoyeyuka kwa maji ya moto katika ofisi za kila bara.

Karani wa Hanoi au wa London anayeinuka kitini saa nne asubuhi kutafuta kikombe chake, mara nyingi anakunywa mjukuu wa mbuni wa Kongo. Lakini hapa Mulongo, kando ya Lualaba, katika teritwari ya Malemba-Nkulu ambako ninafundisha historia, kahawa ilitufikia kwa kuchelewa, tena ikiwa ndani ya mkebe kutoka dukani. Kupumzika pamoja katikati ya kazi kulikuwapo kabla yake. Naandika habari za desturi hiyo kwa sababu nimechoka kusikia wakubwa wa kazi wakiiita uvivu. Historia inasema vingine. Kazi ya watu wengi hushikana pale wanapoketi pamoja, na aliyekata mapumziko ili apate kazi zaidi amekuwa akipata pungufu.

Bonde letu la Upemba ni mahali pa watu wa siku nyingi. Wanaakiolojia waliochimba makaburi ya Sanga, kuanzia mwaka 1957, walikuta vyungu, mapambo ya shaba na alama za watu walioishi kwa uvuvi na biashara miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Kazi za bonde hili ni za kundi. Mtu mmoja havuti wavu mkubwa, wala hatoi mtumbwi mzito porini hadi majini. Shamba la mtu mmoja nalo, wakati mvua zimeshaanza, huzidiwa na majani kabla jembe halijafika mwisho.

Kwa hiyo mwenye shamba aliita majirani, na kabla ya kuwaita alitayarisha cha kunywa. Katika Katanga yetu kinywaji cha kazi ni munkoyo. Unapika uji mwepesi wa unga wa mahindi, unauacha upoe kidogo, kisha unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi hiyo ina nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, na baada ya muda uji huo unakuwa maji matamu. Ukilala usiku mmoja unapata uchachu wa kupendeza. Haulevyi mtu aliyeunywa ukiwa mpya. Unashibisha, unakata kiu, na mtu anarudi kwenye jembe akiwa na nguvu.

Jambo la kuzingatia ni wakati wake. Chakula kikubwa kilikuja mwisho wa kazi, lakini munkoyo ulikuja katikati, jua lilipopanda. Mama mwenye shamba au binti yake aliuleta kwa kibuyu, na mwenye shamba mwenyewe aliketi chini pamoja na watu aliowaita. Kikombe kilikuwa kimoja au viwili, kwa hiyo ilibidi kungojana. Katika kule kungojana ndipo watu waliposikia kwamba fulani ana mtoto mgonjwa na asipewe mstari mrefu, kwamba jembe la fulani limelegea mpini, kwamba kesho zamu ni ya shamba la mjane wa upande wa pili. Walipoinuka, kazi ilikuwa imeshapangwa upya bila mtu kupaza sauti.

Majirani zetu wa Maziwa Makuu waliipa kahawa yenyewe kazi ya kuunganisha watu. Wahaya wa Kagera na Waganda hawakuanza kwa kuinywa. Waliichemsha ikiwa bado na ganda, pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni alipewa kahawa ya kutafuna kabla ya kuulizwa shida yake. Watu wawili walipotaka kuwa ndugu wa damu walichukua tunda moja la kahawa, lenye punje mbili ndani. Kila mmoja alijichanja, akaipaka punje yake damu, akampa mwenziwe aimeze. Kuanzia hapo kumtupa mwenzako katika shida lilikuwa kosa la kuogofya. Huko pwani nako, kutoka Lamu hadi Zanzibar, muuza kahawa alipita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe vidogo, na waliotoka kubeba mizigo bandarini waliketi barazani karibu na waliokuwa wakitafuta kazi. Habari za meli na za mishahara zilipita hapo kabla hazijafika popote.

Kisha kengele ikaingia. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka huohuo ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, chombo cha kuandikisha wafanyakazi wa migodi na wa reli, na watu wake wakaenda kutafuta vijana hadi katika vijiji vya Lomami. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, mahali ambapo Lualaba unaanza kubeba meli, na meli hizo zilitelemka hadi kwetu na kuendelea kuelekea Kabalo. Kampuni ya reli ya BCK ikaendelea na njia yake kupitia Kamina hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, na mwaka 1928 njia hiyo ikafunguliwa. Hivyo ndivyo Kamina ilivyokuwa mji wa reli.

Pamoja na reli alikuja kapita, msimamizi wa genge, na filimbi yake. Posho ilipimwa kwa kilo: unga, maharagwe, samaki wakavu, mafuta ya mawese, chumvi. Wakati nao ukapimwa. Kijijini, serikali ililazimisha watu kulima mazao iliyoyataka, pamba ikiwa mbele. Sheria ya mwaka 1933 iliweka siku 60 za kazi hizo kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita, zikapandishwa hadi 120. Mtu aliyezoea kulima akiwa kati ya majirani zake, akinywa munkoyo wa mwenye shamba, sasa alilima shamba ambalo kipimo chake kiliamuliwa na mwingine, akingoja mkaguzi.

Babu yangu mzaa baba aliifanya kazi ya reli, katika genge la kutunza njia. Nilimkuta akiwa mzee wa mabega mapana, na alipenda kueleza kazi ile kwa mikono. Reli iliyoshuka inainuliwa kwa mitaimbo, kokoto zinasukumwa chini ya mataruma, kisha reli inarudishwa mahali pake kwa kipimo. Wanaume kadhaa wanapachika mitaimbo kwa pamoja, mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na katika itikio ndipo nguvu inatoka. Mmoja akichelewa, uzito wote unamwangukia aliye kando yake. "Mjukuu wangu," aliniambia, "pale huinui chuma kwa mkono wako. Unainua kwa sauti ya mwenzako. Usipoijua sauti yake, utavunjika mguu."

Na sauti ile walijifunza wapi? Kengele ilikuwa na saa ya kuanza, saa ya kula na saa ya kumaliza. Kinywaji cha katikati hakikuwa na kengele. Lakini wake za wafanyakazi walileta munkoyo kando ya njia, na kapita wa genge la babu, aliyekuwa mtu wa kuhesabu vizuri, aliacha mitaimbo iwekwe chini. Aliketi pamoja nao na kunywa kutoka kibuyu kilekile. Babu alisema waliomaliza kipande chao mapema walikuwa wao, na wala hawakuwa na nguvu kuliko magenge mengine. Kila asubuhi kapita alijua nani hakulala kwa homa na nani ana msiba nyumbani, na alimpanga kila mtu kwenye mtaimbo kulingana na hali yake ya siku hiyo.

Miaka ileile reli ya Kamina ilipokuwa inakamilishwa, kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kilichotengeneza vifaa vya simu, kilianza jaribio lililokuja kuwa maarufu. Mwaka 1927 wanawake sita waliwekwa katika chumba chao. Wakapewa mapumziko mawili ya dakika 5, baadaye ya dakika 10, baadaye sita mafupi, kisha mapumziko ya asubuhi ya dakika 15 pamoja na chakula kidogo cha kampuni. Kazi yao ilipanda mwaka hadi mwaka, mwishowe kwa takriban asilimia 30. Wataalamu wamebishana tangu siku hizo kuhusu sababu. Malipo yao pia yalibadilishwa, yakahesabiwa kwa kundi lao dogo, na usimamizi ulilegezwa. Mimi katika mabishano hayo naona jambo moja: mapumziko, malipo ya pamoja na uhuru wa kuzungumza viliingia chumbani pamoja, na watu sita wakawa kundi. Wawili wa kwanza waliondolewa kwa kuzungumza mno, lakini walioletwa badala yao nao wakazoeana na wenzao, na kazi ikapanda zaidi.

Kisa cha Denver, huko Marekani, kinagusa mfuko moja kwa moja. Kampuni ndogo ya Los Wigwam Weavers, iliyofuma tai, ilipoteza vijana wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwenye kampuni, Phil Greinetz, akaajiri wazee, kisha wanawake wa makamo. Kufuma kuliwachosha, na alipowaita kushauriana walimwomba mapumziko mawili ya dakika 15 kila siku, pamoja na kahawa na chai. Wakaanza kufanya kwa saa sita na nusu kazi ambayo wazee waliifanya kwa saa nane. Greinetz akayafanya mapumziko hayo kuwa ya lazima, lakini akakataa kuyalipia. Serikali ikampeleka mahakamani, na mwaka 1956 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba dakika zile zilimfaidi mwajiri kwa kuongeza kazi, kwa hiyo ni saa za kazi na lazima zilipwe. Miaka minne kabla ya hukumu hiyo wafanyabiashara wa kahawa, kupitia Pan-American Coffee Bureau, walikuwa wametangaza mapumziko ya kahawa nchi nzima ili wauze zaidi. Tangazo lilisambaza desturi, na hukumu ikaipa haki.

Karibu na siku zetu, mtafiti Alex Pentland wa chuo cha MIT alichunguza kituo cha simu cha benki ambako wafanyakazi walipumzika kwa zamu, mmojammoja, ili simu zisikose mtu. Alishauri kundi zima lipumzike kwa pamoja. Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 2012, yalikuwa kwamba muda wa kumhudumia mteja ulipungua kwa zaidi ya asilimia 20 katika makundi yaliyokuwa nyuma, na kwa asilimia 8 katika kituo chote. Dakika za mapumziko hazikuongezwa. Kilichobadilika ni kwamba watu walizipata wakiwa pamoja, wakafundishana. Kapita wa babu yangu angeelewa matokeo hayo bila kuelezwa.

Kama faida ni wazi hivi, kwa nini wakubwa wengi waliyaogopa mapumziko? Jibu liko katika historia ya Katanga yenyewe. Kampuni ya migodi ya Union Minière, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, iliwaruhusu wafanyakazi kuishi na familia zao, ikajenga makambi, ikagawa chakula chenye vipimo vya daktari, kwa sababu ilijua mfanyakazi mwenye njaa na upweke hachimbi shaba. Lakini mwili wa mfanyakazi ulitunzwa huku maneno yake yakizuiwa. Wafanyakazi weusi hawakuruhusiwa kuwa na vyama vyao hadi mwaka 1946. Desemba 1941 waligoma kwa ajili ya mishahara iliyomezwa na bei za vita, na Elisabethville askari wakafyatua risasi kwenye umati, wakaua makumi ya watu. Watu wanaoketi pamoja hujuana, na wanaojuana huweza kudai. Hilo ni kweli, nami siliogopi. Mwajiri anayelipa haki hana la kupoteza kwa watu wake kuzungumza, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuarifiwa kinachoharibika.

Baada ya uhuru tulipata somo jingine. Miaka ya 1970, chini ya Mobutu, ilikuja salongo, kazi ya umma ya lazima, mara nyingi Jumamosi. Nilikuwa mtoto na nilikwenda na jembe dogo kama wenzangu. Tulifyeka, tukafagia, tukaandikwa majina, tukarudi nyumbani. Hapakuwa na kibuyu, wala mwenye shamba wa kuketi nasi, na wimbo ulioimbwa ulikuwa wa kusifu mtu aliye mbali. Wanaume walewale waliokuwa wakilima shamba la jirani hadi jioni bila kusimamiwa, kwenye salongo waliegemea majembe mara tu mgongo wa mkubwa ulipogeuka. Hawakuwa wamegeuka wavivu kati ya Ijumaa na Jumamosi. Waliitwa kama mikono, na wakaitikia kama mikono.

Leo desturi hii iko wapi? Kwangu iko katika chumba cha walimu. Saa ya mapumziko ya wanafunzi inapopigwa tunaingia, tunafungua chupa ya maji ya moto, kila mmoja anatia kijiko cha kahawa ya unga na sukari iliyonunuliwa kwa mchango wa mwezi. Mara nyingi kuna mikate ya kukaanga kutoka kwa mama anayeuza mlangoni, na kuna siku ya maji ya moto na sukari peke yake. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure katika shule za serikali mwaka 2019, madarasa ya nchi hii yamejaa sana, na walimu wa msingi wanaokuja kuzungumza nasi wanasema hivyo kila wanapoketi. Mapumziko yale ndiyo yanayotubeba. Hapo mwalimu wa hesabu anamwambia wa Kifaransa kwamba kijana wa benchi la nyuma hasomi kwa sababu haoni ubao, akae mbele. Hapo tunajua kwamba msichana fulani amekwenda na mama yake kukausha samaki, akirudi asipewe adhabu bali apewe daftari la mwenzake. Hapo mwalimu kijana, aliyetishwa na darasa lake la kwanza, anamsikia mkongwe akieleza namna ya kunyamazisha kelele bila fimbo. Hakuna mkutano rasmi uliowahi kutupa hata nusu ya hayo, kwa sababu mkutanoni kila mtu analinda cheo chake.

Wapo watakaosema mapumziko yakiachiliwa yanakula siku. Ni kweli, nami nimeona kikombe cha saa nne kikifika saa sita. Lakini kapita wa babu naye alikuwa na filimbi, na aliipiga baada ya kibuyu kuzunguka. Mpaka unaotunzwa na mtu aliyeketi nanyi unaheshimiwa. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2002 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa juma, nazo zinatosha kabisa kuwa na robo saa ya watu kuonana uso kwa uso.

Kwa hiyo ninasema na ninyi mnaoongoza: wakuu wa shule, wa hospitali na vituo vya afya, wa maghala ya bandarini, wa ofisi za serikali huko Kamina. Chagueni wakati mmoja, uwe wa wote kwa pamoja pale kazi inaporuhusu, na muulipie kama kazi. Keti na watu wako, unywe wanachokunywa, na usiutumie wakati huo kutangaza maagizo. Kahawa ikikosekana, mahindi yapo na mizizi ya munkoyo iko sokoni. Mama anayeleta kinywaji alipwe haki yake siku ileile. Na ninyi wafanyakazi, filimbi ikilia, inukeni. Kazi ya nchi hii ni nzito kuliko reli ya babu yangu, na hatutaiinua tukiwa hatujuani sauti.